1995: Damu ya Kikwit na saa ya hataza

Wengi wenu mnakumbuka Agosti 2019. Ebola ilikuwa Beni na Butembo, tukasema ni mbali. Kisha ikasikika Mwenga, ndani ya Sud-Kivu yetu wenyewe. Burundi wakaanza kuchanja wafanyakazi wao wa afya pale Gatumba, ng'ambo tu ya Kavimvira. Siku chache kabla, tarehe 12 ya mwezi ule ule, ilitangazwa kwamba majaribio yaliyofanyika kwetu Congo yamepata dawa mbili zinazookoa watu. Moja, mAb114, ilitoka ndani ya damu ya Mkongomani aliyepona.

Historia yake ya hospitali imesimuliwa sana. Mimi nataka tuitazame upande wa karatasi: nani aliandikisha, lini, na saa ilianza kuhesabu kutoka wapi. Na tuanzie mwaka 1995, kwa sababu mwaka huo mambo matatu yalitokea mahali patatu, na watu wa pande hizo hawakujuana.

La kwanza, Kikwit. Watu 315 waliugua, karibu 250 wakafa. Profesa Jean-Jacques Muyembe na waganga wenzake walichukua damu ya waliopona wakawatia wagonjwa 8. Wagonjwa 7 walipona. Wataalamu wa ng'ambo walisema haitoshi: hakukuwa na kundi la kulinganisha, labda wale walikuwa wameshaanza kupona wenyewe. Kwa sayansi walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini swali lile liliachwa pale pale miaka mingi, na hapo njo ninaona kasoro.

La pili, Salt Lake City, Marekani. Kampuni Myriad Genetics iliingia kwenye soko la hisa Oktoba 1995. Mali yake kubwa ilikuwa alama za jeni za saratani ya matiti. Jeni ya kwanza, BRCA1, ilikuwa imeshaipata na kuiombea hataza mwaka 1994. Hataza ni ile karatasi wengi wetu tunaiita breve. Ya pili, BRCA2, Waingereza wa Michael Stratton walikuwa karibu kuitangaza katika jarida la Nature, Desemba 1995. Myriad wakapeleka ombi lao la hataza siku moja kabla jarida halijatoka. Siku moja, bandugu! Anayenunua hisa haangalii tu kama ugunduzi ni wa kweli. Anauliza tarehe ya ombi, kwa sababu hataza inadumu miaka 20 kuanzia siku ya ombi, na miaka inayoliwa na majaribio hairudi yote.

La tatu, Jakarta. Novemba 1995 nchi za Mkataba wa Bayoanuwai zilikutana huko zikathibitisha kwamba urithi wa jeni za binadamu hauingii ndani ya mkataba ule. Mmea wa msitu wetu uko ndani, bakteria wa ziwa yuko ndani. Damu ya mtu hapana. Sababu ilikuwa ya heshima, mtu asihesabiwe kama mali ya serikali. Lakini matokeo yake ni kwamba kijiji kinaweza kudai sehemu ya faida ya mti wake, na mtu aliyetoa damu hana mlango huo wa kupita. Mahakama ya juu ya California ilikuwa imeshasema karibu vile vile mwaka 1990, katika kesi ya John Moore: chembe zikishatoka mwilini mwako, huna umiliki juu yake, hata kama daktari amezitolea hataza.

Sasa turudi kwa damu yetu. Mwaka 2006, miaka 11 baada ya Kikwit, mtu mmoja aliyepona alitoa damu tena. Timu ya Nancy Sullivan wa taasisi za afya za Marekani, pamoja na Muyembe na INRB ya Kinshasa, na Antonio Lanzavecchia kule Uswisi, walikuta chembe zake bado zinakumbuka adui. Wakachota jeni za kingamwili moja, wakaitengeneza kiwandani, wakachapisha katika Science mwaka 2016. Desemba 2018 serikali ya Marekani ikaipa kampuni ndogo ya Miami, Ridgeback Biotherapeutics, leseni ya kuiendeleza. Majaribio yalikuwa yameanza Novemba kule Kivu ya Kaskazini, na ripoti yake ilibeba kwanza jina la Mkongomani, daktari Sabue Mulangu. Waliopewa mAb114 walikufa 35%, waliopewa ZMapp walikufa karibu 50%. Desemba 2020 Marekani iliidhinisha dawa kwa jina la Ebanga.

Mabishano ni haya. Wenye mitaji wanasema: Ebola haina soko, wagonjwa ni maskini na mlipuko unaisha, bila leseni ya peke yake nani ataweka pesa? Wapinzani wao wanajibu kwamba kodi ya Wamarekani na damu ya Wakongomani zilishalipa sehemu ngumu. Mimi naona wa kwanza wanasema nusu tu. Soko liko, ila si sisi. Serikali ya Marekani inanunua dawa hizi kwa akiba yake ya usalama. Tena sheria yake ya mwaka 2007, iliyoongezwa Ebola mwaka 2014, inampa aliyeidhinishiwa dawa ya ugonjwa wa tropiki cheti cha kupitisha dawa nyingine haraka, na cheti hicho kinauzwa. Kimoja kiliuzwa dola milioni 125 mwaka 2014. Basi bei ya kampuni ya namna hii haipimwi kwa wagonjwa wa Beni.

Myriad nayo ilikutana na mahakama. Tarehe 13 Juni 2013 majaji wa juu wa Marekani walisema jeni kama ilivyo mwilini haiwezi kuwa na hataza, ila nakala iliyotengenezwa maabara inaweza. Hisa zilipanda asubuhi, zikafunga zimeshuka. Hata wenye pesa walihitaji saa kadhaa kuelewa walichosoma.

Kwa nini mtu wa agronomia anaingia humu? Sababu ni mihogo. Alama ya CMD2, inayoonyesha mche unaovumilia batobato, ilitangazwa mwaka 2002 kutoka mihogo ya wakulima wa Nigeria. Mkulima wa bonde la Ruzizi ambaye shamba lake batobato limelimaliza anahitaji miche ya namna hiyo. Na kwa mmea, tofauti na damu, sheria iko: Itifaki ya Nagoya inafanya kazi tangu 2014, na mkataba wa mbegu wa FAO unataja mihogo kwa jina. Kwa hiyo ninyi mnaoandika mémoire juu ya aina za mihogo za Kiliba, Sange au Fizi, kabla hamjatuma majani ng'ambo kwa ukarimu, ulizeni karatasi ya makubaliano, someni ibara ya hataza, na andikeni tarehe mliyoyatuma.