Soko la awali na soko la upili

Soko la awali ni pale kampuni au serikali inapouza hisa au hatifungani mpya, na fedha za mnunuzi huingia kwa mtoaji mwenyewe. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuzia umma hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, ikakusanya shilingi bilioni 476. Bei ilikuwa imepangwa kabla, nayo ilikuwa moja kwa wote.

Agosti 15 mwaka huo hisa hizo ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na hapo soko la upili likaanza. Mkazi wa Kiegeani, Mafia, akiamua kuuza hisa zake 100 kupitia dalali, atakayemlipa ni mwekezaji mwenzake. Vodacom haipati hata senti. Kinachobadilika ni jina la mwenye hisa katika daftari. Bei nayo hupanda na kushuka kwa nguvu ya wanunuzi na wauzaji.

Hata hivyo, la awali hulitegemea sana la upili: ni wachache wangenunua hisa wasizoweza kuziuza siku ya shida.