Wanyama wasioogopa baridi: Mambo ya kujua kuhusu kituo cha utafiti cha Fairbanks, Alaska

Kumwona ng'ombe wa miski porini si kazi ndogo. Anaishi kwenye nyika za barafu za kaskazini kabisa mwa dunia, na kufika huko ni safari ndefu ya gharama kubwa. Njia rahisi ipo Fairbanks, jimbo la Alaska nchini Marekani, kwenye Kituo cha Utafiti wa Wanyama Wakubwa cha Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks.

Kituo kiko Barabara ya Yankovich, jirani na chuo. Zamani lilikuwa shamba la mkulima Mike Yankovich, aliyelitoa kwa chuo miaka ya 1960. Sasa ni malisho yenye uzio, ambamo wanasayansi wanafuga ng'ombe wa miski na kulungu wa Aktiki ili wawachunguze kwa karibu.

Ni wanyama gani hasa?

Ng'ombe wa miski ni ng'ombe kwa jina tu. Kiukoo yuko karibu zaidi na mbuzi na kondoo. Ukimtazama utadhani ni nyati aliyefunikwa blanketi: manyoya yake marefu yanakaribia kugusa ardhi, na dume anaweza kuzidi kilo 300. Jina limetokana na harufu kali ya dume msimu wa kupandana.

Kulungu wa Aktiki ndiye yule wa kwenye kadi za Krismasi, anayemvuta Baba Krismasi. Wale wa mwituni Alaska wanaitwa karibu. Ndiyo, hivyo hivyo, kama unakaribishwa ndani! Ni spishi moja, ila mmoja amefugwa na binadamu kwa karne nyingi. Katika jamii nzima ya kulungu, ni huyu tu ambaye jike naye kwa kawaida huota pembe. Hata macho yake hubadilika: ndani huwa na mng'ao wa dhahabu majira ya joto na wa bluu wakati wa giza la baridi, jambo linalomsaidia kuona kwenye mwanga hafifu.

Waliisha, wakarudishwa

Mwanzoni mwa karne ya 20, Alaska haikuwa na ng'ombe wa miski hata mmoja. Mwaka 1930 wakaletwa 34 waliokamatwa Greenland, wakasafirishwa hadi Fairbanks. Mwaka 1935 na 1936 wakapelekwa kisiwa cha Nunivak, kwenye Bahari ya Bering. Huko wakazaliana, na baadaye wengine wakahamishiwa maeneo mengine ya jimbo. Leo Alaska ina maelfu kadhaa, uzao wa kundi lile dogo.

Wanasayansi wanatafuta nini?

Porini huwezi kumwambia mnyama apande mizani. Hapa wamezoea watu, kwa hiyo wanaweza kupimwa uzito na kujulikana wanakula kiasi gani. Swali kubwa ni hili: mnyama anaishije miezi mingi kwa majani makavu yaliyofukiwa na theluji, huku baridi ikishuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri? Sehemu ya jibu ni kwamba hupunguza mizunguko na kutumia mafuta aliyojiwekea mwilini tangu majira ya joto.

Kinachoua zaidi ya baridi ni mvua. Ikinyesha juu ya theluji, maji huganda na kuwa tabaka gumu la barafu, na malisho hufungiwa chini yake. Oktoba 2003 ilitokea hivyo kwenye kisiwa cha Banks, Canada, na takriban ng'ombe wa miski 20,000 wakafa njaa. Kwa kuwa Aktiki inapata joto haraka kuliko dunia kwa ujumla, matukio ya namna hiyo yanahofiwa kuongezeka.

Sufi inayotoka yenyewe

Chini ya manyoya marefu, ng'ombe wa miski ana sufi laini sana iitwayo kiviuti. Baridi ikiisha hunyonyoka yenyewe, wahudumu wanaichana tu. Mnyama haumizwi. Kituo huiuza, na pesa husaidia kuwatunza wanyama.

Ukipanga kwenda

- Msimu: Ziara za kuongozwa hufanyika majira ya joto, na zina kiingilio. Angalia ratiba kwanza, maana hubadilika.
- Mwanga: Mwezi Juni jua la Fairbanks hukaa angani zaidi ya saa 21 kwa siku. Beba kitu cha kufunika macho usiku, la sivyo hutalala.
- Uzio: Usipitishe mkono. Dume anaonekana mpole, lakini madume hupigana kwa kukimbiliana na kugonganisha vichwa.
- Mbu: Wapo, tena wengi! Hawaambukizi malaria, ila wanauma kwelikweli. Beba dawa ya kujipaka.