Maeneo ya jangwa ya kusawazisha vihisi vya satelaiti

Maeneo ya jangwa ya kusawazisha vihisi vya satelaiti ni sehemu za jangwa ambazo mng'ao wake haubadiliki sana mwaka hadi mwaka. Hutumika kuhakiki kama vihisi vya satelaiti zinazopiga picha za Dunia bado vinapima mwanga kwa usahihi.

Sababu

Kihisi husawazishwa maabarani kabla ya satelaiti kurushwa. Kikiwa angani, uwezo wake hupungua polepole kutokana na mionzi na uchakavu. Bila kuhakikiwa, upungufu huo unaweza kudhaniwa kuwa mabadiliko ya Dunia yenyewe, kwa mfano kwenye misitu, theluji au mazao. Pia inakuwa vigumu kulinganisha picha za satelaiti tofauti, kama zile za mfululizo wa Landsat ulioanza mwaka 1972.

Vigezo vya uchaguzi

Eneo linalofaa huwa na sifa zifuatazo:
* ni pana, na uso wake unafanana kila upande;
* halina mimea, hivyo halibadiliki rangi kwa majira;
* lina mawingu na mvua chache;
* linaakisi mwanga mwingi, hivyo athari ya angahewa katika kipimo ni ndogo.

Historia

Mwaka 1996 watafiti Hélène Cosnefroy, Marc Leroy na Xavier Briottet walichapisha orodha ya maeneo 20 ya Afrika Kaskazini na Saudia, kila moja likiwa na ukubwa wa kilomita 100 kwa 100. Waliyachagua kwa kutumia picha za satelaiti ya Meteosat-4.

Baadaye Kamati ya Satelaiti za Uchunguzi wa Dunia (CEOS) ilipendekeza maeneo sita ya Sahara: Algeria 3, Algeria 5, Libya 1, Libya 4, Mauritania 1 na Mauritania 2. Libya 4, lenye matuta ya mchanga, ni kati ya yanayotumika zaidi.

Mapungufu

Hakuna jangwa lisilobadilika kabisa. Dhoruba huinua vumbi, na vivuli vya matuta hubadilika kufuatana na mahali lilipo jua. Hivyo wataalamu hurekebisha hesabu zao. Tena, maeneo hayo huonyesha kama kihisi kimebadilika, lakini mengi hayana vifaa vya kupima mwanga ardhini. Vifaa hivyo vipo katika vituo vya mtandao wa RadCalNet, vikiwemo Gobabeb katika jangwa la Namib (Namibia) na Railroad Valley katika jimbo la Nevada (Marekani).