Sultani mkarimu wa Kilwa: alikuwa anagawa mali ya nani?

Wengi wetu wa upande wa Lugoba na Bagamoyo tumewahi kupelekwa Kaole tukiwa shuleni. Unaangalia magofu ya misikiti, unazunguka makaburi, unapiga picha, unarudi. Lakini mtu akikuuliza nani alitawala pwani hii miaka 700 iliyopita, unakwama. Kilwa, kusini zaidi kwenye pwani hiihii, mtawala mmoja wa enzi hizo tunamjua vizuri kidogo, na sifa zake ndizo zinazonisumbua.

Jina lake ni al-Hasan bin Sulaiman, na alitawala takriban kuanzia 1310 hadi 1333. Watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa vile alivyokuwa anatoa. Aliyemtangaza zaidi ni msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331.

Kisa chake maarufu ni hiki. Siku ya Ijumaa, Sultani anatoka msikitini, fakiri kutoka Yemen anamsimamisha na kumwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani hakubisha. Akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu wanavyosifu, akaamuru fakiri aongezwe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa kizuri, eeh? Sasa kisome tena taratibu. Nguo zimerudi nyumbani. Kilichotoka ni watu ishirini.

Na Ibn Battuta mwenyewe hafichi walikotoka. Anasema Sultani alikuwa akishambulia mara kwa mara nchi za bara, akiteka mali, kisha anatenga khumsi, ile sehemu ya tano, kama sheria inavyoelekeza. Fungu la masharifu liliwekwa kwenye hazina ya peke yake, nao walimfuata kutoka Iraki, Hijazi na kwingineko. Kwa macho ya msafiri yule, huyu ni mfalme mwadilifu. Tusisahau yeye alikuwa nani: mwanasheria wa dini, mgeni anayeishi kwa takrima za wafalme kila anakopita. Tena alikuja kuisimulia safari yake zaidi ya miaka 20 baadaye, akiwa amesharudi Morocco, na mwandishi mwingine ndiye aliyeshika kalamu.

Basi tuache maneno, tuangalie mawe. Nje kidogo ya mji wa Kilwa Kisiwani, juu ya jabali linalotazama bahari, yapo magofu ya Husuni Kubwa: vyumba zaidi ya 100, nyua, na birika la pembe nane. Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba pale, aliona kwamba jengo lile halikuwahi kumalizika, na maandishi ya mawe yaliyopatikana yanamtaja al-Hasan. Sarafu yake ya shaba imeokotwa hadi Great Zimbabwe, mbali kabisa huko bara. Uwezo wa kufanya yote haya ulitokana sana na dhahabu iliyopitia Sofala. Kwa hiyo jamaa hakuwa mnyang'anyi wa kawaida tu. Alikuwa na biashara kubwa, na alijua kutumia.

Pengine alijua kutumia kupita kiasi. Nduguye Daud alipomrithi, Ibn Battuta anamchora kama bahili: waombaji wanaambiwa mtoaji ameshakufa na hakuacha cha kutoa, wageni wanasubiri miezi, wanapewa kidogo, mwisho wanaacha kuja. Mimi naona Daud ameonewa. Ukirithi jumba kubwa kuliko yote pwani, halijaisha, na foleni ya wageni mlangoni, utafanyaje? Inawezekana alikuwa anasema ukweli mtupu kuhusu hazina.

Kumwita al-Hasan mkarimu si uongo, maana alitoa. Ila waliopewa ndio walioandika, au waliwasimulia walioandika. Waliovamiwa bara hawana kitabu, hatujui hata vijiji vyao viliitwaje. Na katika kisa chote kile cha nguo, wale watu ishirini hawatajwi jina hata mmoja, wala hatuambiwi fakiri aliwapeleka wapi.