Kukaza Hukumu: Istilahi Ambayo Kila Mtalaka Anapaswa Kuijua

Mahakama inapovunja ndoa hutamka mambo mawili yenye tabia tofauti. La kwanza ni talaka yenyewe. Hili likishatamkwa limekwisha: waliokuwa mume na mke si mume na mke tena, hata kama mmoja wao amekasirika na hakubali. La pili ni mali na matunzo: nyumba igawanywe, shamba liuzwe, baba atoe fedha za watoto kila mwezi. Hili halitimii kwa kutamkwa. Aliyeagizwa anaweza kuendelea kukaa katika nyumba ileile, kupokea kodi ya vyumba vilevile na kutotoa hata senti, na hakimu asijue, kwa sababu shauri limeisha na faili limerudi masjala. Hatua ya kuitoa amri hiyo kwenye karatasi na kuifikisha mkononi mwa mwenye haki ndiyo inayoitwa, katika mahakama za Tanzania, kukaza hukumu.

Kitenzi chenyewe tunakijua. Tunakaza kamba, tunakaza fundo, tunakaza mwendo. Mara zote kitu kinachokazwa kipo tayari, ila kimelegea. Fundo lililofungwa bila kuvutwa lina umbo lote la fundo, lakini halizuii mzigo usianguke. Hukumu ya mgawanyo wa mali ambayo haijakazwa iko hivyohivyo: ina mhuri, ina saini, ina namba ya shauri, na bado haijabeba kitu. Katika korido za mahakama utasikia pia “kukazia hukumu”, kwa kiambishi cha kutendea kinachoonyesha kwamba kuna mtu anayekaziwa. Maumbo yote mawili yanaeleweka, na mtu asibabaishwe na tofauti hiyo.

Istilahi nyingine inayotumika sana, Kenya na hata Tanzania kwenyewe, ni utekelezaji wa hukumu. Ni neno zuri, lakini pana mno. Mume aliyeamriwa kumpa mtalaka wake fedha fulani, akaenda benki siku ya pili na kumlipa, ametekeleza hukumu. Hakuna aliyeikaza. Kukaza kunakuja pale ambapo kutekeleza kwa hiari kumeshindikana, na nguvu ya dola inaombwa iingie. Kwa hiyo ninapendekeza tuyaweke maneno yote mawili na tuyape kazi tofauti: kutekeleza ni wajibu wa aliyeamriwa, kukaza ni kazi ya mahakama kwa ombi la aliyeshinda. Tukiyachanganya, mwananchi anabaki akidhani kwamba “utekelezaji” ni jambo ambalo serikali inalifanya yenyewe, naye kazi yake ni kungoja.

Na hapo ndipo wengi wanapoumia. Mahakama ya madai haiamki asubuhi ikaenda kukaza hukumu zake. Ni lazima aliyeshinda aombe. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, katika Amri ya 21, imeorodhesha mambo ya kutajwa katika maombi hayo: namba ya shauri, majina ya wadaawa, tarehe ya tuzo, kama kuna rufaa iliyokatwa, kama kuna kiasi kilichokwisha kulipwa, kiasi kinachodaiwa na gharama, jina la anayekaziwa, na mwisho kabisa, namna ya msaada ambao mwombaji anautaka kwa mahakama. Kipengele hicho cha mwisho kina uzito wa pekee. Mwombaji hasemi tu “nisaidieni”. Anachagua: nikabidhiwe mali, au mali ikamatwe na kuuzwa, au mshahara ukatwe, au mdaiwa apelekwe kifungo cha madai. Mahakama za mwanzo, ambako mashauri mengi ya ndoa huanzia, zina kanuni zao za mwenendo wa madai za tangu 1964, fupi na nyepesi zaidi, lakini msingi ni uleule wa aliyeshinda kwenda kuomba.

Neno la pili katika familia hii ni tuzo. Msomaji wa magazeti akikutana na “mshinda tuzo” huwaza mwanamuziki au mwanasoka. Mahakamani, mshinda tuzo ni yule ambaye shauri limeamuliwa upande wake, na tuzo ni hati fupi inayotolewa kutokana na hukumu. Hukumu inaeleza: mashahidi walisema nini, sheria inasemaje, hakimu amefikia uamuzi huo kwa sababu gani. Tuzo haielezi, inaamuru tu nani apate nini kwa nani. Kwa lugha ya kisheria hasa, kinachokazwa ni tuzo. Mazoea ya wasemaji yameshikilia “hukumu”, na si vibaya, ilimradi mtu ajue kwamba akienda masjala na nakala ya hukumu peke yake, katika mahakama za wilaya na za juu zaidi, ataulizwa ilipo tuzo. Aombe nakala za vyote viwili mapema, akazihifadhi.

Sasa ni kitu gani kinachokazwa katika talaka? Kwa Tanzania Bara jibu linaanzia katika Sheria ya Ndoa ya 1971, hasa kifungu ambacho mawakili wamekizoea kwa namba 114. Kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambayo wanandoa waliichuma wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja. Mahakama huangalia mila za jamii yao, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa manufaa yao wote, na mahitaji ya watoto wadogo; baada ya kuyapima hayo, inatakiwa kuelemea kwenye usawa. Kwa miaka kadhaa majaji walitofautiana kama kupika, kulea na kutunza nyumba ni “juhudi”. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikata mzozo huo katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif: kazi za nyumbani za mke ni mchango. Yeye mwenyewe hakupata mgao katika rufaa ile, lakini kanuni iliyotoka humo ndiyo inayosimamisha madai ya wanawake wengi hadi leo.

Kanuni hiyo ilijibu swali la haki. Swali la namna haki hiyo inavyoshikwa linajibiwa na maandishi ya tuzo. Tuseme hukumu inasema: “Mdai atapata asilimia 40 ya nyumba ya ndoa.” Inapendeza kuisikia. Lakini nyumba ipi, yenye namba gani ya kiwanja, mtaa gani? Asilimia 40 ya thamani ya lini? Nani ataithamini nyumba? Mdaiwa anaruhusiwa kumlipa mdai fedha akabaki na nyumba, na kwa muda gani? Asipolipa, iuzwe na nani? Tuzo isiyojibu maswali haya inamrudisha mshinda mahakamani kuanza mabishano mapya, maana anayekaza hana ruhusa ya kuongeza kitu ambacho tuzo haikusema. Linganisha na maagizo haya: nyumba iliyopo kiwanja namba fulani ithaminiwe na mthamini aliyesajiliwa ndani ya siku 30, mdaiwa amlipe mdai asilimia 40 ya thamani hiyo ndani ya siku 90, akishindwa, nyumba iuzwe kwa mnada na kila mmoja apewe fungu lake. Hapa kuna mahali pa kushika.

Kwa sababu hiyo maandalizi ya kukaza huanza siku ya kufungua shauri la talaka, si siku ya hukumu. Anayedai mgawanyo aorodheshe mali moja moja: hati au mkataba wa mauziano, namba ya usajili ya gari, jina la benki, mashahidi wa ujenzi, risiti za saruji na mabati. Mchango huthibitishwa kwa ushahidi. Na kama ana hofu kwamba nyumba itauzwa kesi ikiendelea, sheria haimwachi mikono mitupu. Sheria ya Ndoa inakataza mwenye nyumba ya ndoa kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, na inamruhusu mwenzake huyo kulinda maslahi yake kwa tahadhari inayowekwa katika kumbukumbu za usajili wa ardhi. Mahakama pia inaweza kuombwa amri ya zuio hadi shauri liishe.

Maombi ya kukaza yakikubaliwa, anayeingia kazini mara nyingi ni dalali wa mahakama. Neno dalali limechafuka mitaani kwa sababu ya wale wa vyumba vya kupanga, lakini huyu ni mtu aliyeteuliwa kwa utaratibu, na kazi yake, malipo yake na nidhamu yake vinasimamiwa na kanuni za 2017 zinazowahusu madalali wa mahakama na wasambaza nyaraka. Anakuja na hati ya mahakama, na hana mamlaka ya kuchukua kisichotajwa humo. Mwenye mashaka ana haki ya kuomba aione hati hiyo.

Kuna mali ambazo dalali haruhusiwi kuzikamata kwa ajili ya deni: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi. Sheria ya Tanzania imekwenda mbele ikailinda pia nyumba ambayo mdaiwa anaishi na mkewe na watoto wanaomtegemea. Ulinzi huu una huruma ndani yake, ila mtalaka aufikirie mapema. Tuzo inayomtaka mume alipe fedha tu inaweza kugonga ukuta pale ambapo mali yake pekee ni nyumba anayoishi na mke mwingine. Tuzo inayotaja nyumba yenyewe, ikaamuru iuzwe na igawanywe kwa kuwa wote wawili wana haki ndani yake, inazungumzia mgawanyo wa mali yao, haizungumzii ukamataji kwa deni.

Vizuizi vingine vina majina yake. Rufaa ni kimojawapo. Wengi huamini kwamba aliyeshindwa akikata rufaa kila kitu kinasimama. Sivyo: rufaa peke yake haizuii hukumu kukazwa. Ni lazima aombe, na apewe, amri ya kusimamisha. Kingine ni pingamizi la mtu wa tatu. Mali imekamatwa, ghafla anajitokeza kaka au shangazi akidai kiwanja ni chake. Mahakama inampa nafasi ya kuthibitisha, kwa kuwa si haki mali ya mtu ambaye hakuwa kwenye kesi iuzwe. Na kama ni njama ya kuficha mali, ushahidi utaonyesha. Kipo pia kizuizi cha muda. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 12 ya kuomba kukaza tuzo pale ambapo hakuna sheria nyingine inayopanga muda tofauti. Ni mingi, lakini ukishapita mwaka mmoja tangu tuzo itolewe, mahakama humwita kwanza mdaiwa aeleze kwa nini isikazwe, na safari inarefuka. Mali nazo hazingoji: magari huchakaa, viwanja hubadilisha majina.

Kifungo cha madai nacho kinahitaji kuelezwa vizuri, maana ndicho kinachotajwa kwa hasira zaidi. Mdaiwa mwenye uwezo anayekataa kulipa anaweza kuwekwa gerezani kwa muda usiozidi miezi sita. Si adhabu ya jinai. Ni shinikizo, na mahakama huichukulia kuwa hatua ya mwisho. Mshinda tuzo ndiye anayetakiwa kulipia chakula cha mfungwa huyo. Na akitoka, deni halijafutika. Mama anayelea watoto watatu kwa kuuza maandazi na ajiulize kwanza kama fedha hiyo ya posho haitumiki vizuri zaidi kuomba makato kwenye mshahara wa baba, ikiwa baba ameajiriwa. Makato kwa mwajiri yana staha, yana kumbukumbu, na yanafaa hasa kwa matunzo ya watoto, kwa kuwa matunzo ni deni linalozaliwa upya kila mwezi, na malimbikizo yake ndiyo yanayoombewa kukazwa.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Mahakama za mwanzo zilikuwa zikikitumia tangu zamani, na sasa mlango umefunguliwa hadi juu. Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Temeke, Dar es Salaam, kinashughulikia mirathi na ndoa mahali pamoja, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaofika hadi vijijini. Vyombo tunavyo na lugha tunayo. Kinachopungua ni sentensi chache mwishoni mwa kila hukumu ya mgawanyo na matunzo, zimwambie mshinda tuzo waziwazi: amri hizi hazijikazi zenyewe, mwenzako asipotekeleza kufikia tarehe hii, njoo masjala hii na nakala ya tuzo, ujaze maombi ya kukaza hukumu. Hakimu ataziandika kwa dakika mbili. Mwanamke aliyetoka mahakamani akiamini kwamba ameshinda atajua siku hiyohiyo ni hatua gani bado inamngoja, na ataichukua wakati nyumba bado ipo.