Mwenyeji wa Kambi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kujitolea Nyeri

Mwenyeji wa kambi ni mtu anayeishi kambini msimu mzima ili wageni wakifika wamkute. Huwaonyesha pa kupiga hema, pa kuteka maji na pa kuwasha moto. Husikiliza malalamiko, hutunza daftari la wageni na huhakikisha vyoo vinatumika bila aibu. Halipwi mshahara. Anachopata ni mahali pa kulala, mara nyingine na chakula, pamoja na ujuzi anaoondoka nao.

Jina hili limezoeleka zaidi Marekani. Huko sheria zilizopitishwa mwaka 1970 na 1972 ziliruhusu hifadhi za taifa na misitu ya serikali kupokea watu wa kujitolea, na leo wastaafu wengi huhamia kambini wakati wa kiangazi na magari yao ya kulala. Wanapewa eneo lenye maji na umeme bure, nao hurudisha saa kadhaa za kazi kila wiki. Ulaya mfano mashuhuri ni Kandersteg, kituo cha kimataifa cha skauti kilichoko milimani Uswisi tangu 1923, ambacho huendeshwa kwa sehemu kubwa na vijana wa kujitolea kutoka mataifa mbalimbali wanaokaa msimu mmoja kisha kurudi makwao. Nao Girl Guides wana kituo chao cha kimataifa barani Afrika, kisichokuwa na jengo moja bali huhama nchi hadi nchi. Kinaitwa Kusafiri, kwa Kiswahili hicho hicho chetu.

Kwetu Kenya kazi hii haina jina kubwa, lakini ipo. Kwenye kambi za Shirika la Wanyamapori (KWS) hufanywa zaidi na wafanyakazi wa kulipwa. Wanaoifanya kwa kujitolea ni skauti: viongozi wa makundi, na vijana wa ngazi ya Jasiri, yaani wenye miaka 18 hadi 26, waliokwisha kupita Sungura, Chipukizi na Mwamba. Na hakuna mji nchini unaowavuta skauti kama Nyeri.

Sababu ni kaburi. Robert Baden-Powell, aliyeanzisha uskauti kwa kambi ya wavulana 20 kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, alifika Nyeri 1935 na kuupenda mji. Alirudi kuishi 1938, katika nyumba ndogo iliyojengwa kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, akaiita Paxtu. Alifariki hapo tarehe 8 Januari 1941 akiwa na miaka 83, akazikwa kwenye makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro. Juu ya kaburi pana alama ya duara lenye nukta katikati, ambayo kwa skauti anayefuata nyayo porini maana yake ni "nimekwenda nyumbani". Mkewe Olave alifariki 1977 na majivu yake yakaletwa hapo hapo. Kila Februari, karibu na tarehe 22 ambayo ni siku aliyozaliwa, skauti humiminika Nyeri kwa mabasi kutoka kaunti nyingi, za Pwani zikiwemo.

Ruring'u ni nje kidogo ya mji huo, na wenyeji wana historia yao ya kambi isiyohusu skauti hata kidogo. Uwanja wa Ruring'u ndipo wapiganaji wa Mau Mau walipokusanyika Desemba 1963 walipotoka msituni, Kenya ikiwa imepata uhuru. Kijana wa Mombasa au Lamu anayetumwa kupokea wageni eneo hili ajue hadithi zote mbili. Mzee wa Ruring'u akikuuliza umekuja kufanya nini, ukamjibu "kaburi la Mwingereza" na usijue lolote kuhusu uwanja wake, mazungumzo yataishia hapo.

Msimu wenyewe

Nyeri hakuna kiangazi cha Juni cha kizungu. Kuna mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba. Katikati yake ndipo watu hupiga kambi. Kwa hesabu ya pwani ni rahisi kukumbuka: kaskazi ikivuma huku, Januari na Februari, Nyeri ni kukavu, mchana jua na usiku baridi. Kusi ikishika, Julai na Agosti, hakuna mvua nyingi lakini mawingu hukaa chini siku nzima na baridi huingia mifupani. Mji uko takriban mita 1,750 juu ya bahari. Wanaopanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru hulala kwanza kambi ya Met Station, mita 3,050, halafu Mackinder, karibu mita 4,200, na huko maji huganda usiku.

Ukavu wa Februari una hatari yake. Nyasi na vichaka vya mlimani hushika moto upesi. Machi 2012 moto uliteketeza eneo kubwa la Mlima Kenya. Kwa hiyo mwenyeji wa kambi ndiye wa mwisho kulala. Hazimi moto kwa mchanga peke yake kama tunavyofanya ufukweni, kwa sababu udongo wa kule una mizizi na majani makavu, na kaa linaweza kufuka chini kwa chini mpaka asubuhi. Ni maji, kukoroga, maji tena, kisha kugusa jivu kwa mgongo wa kiganja.

Kutwa ya mwenyeji

Kazi nyingi ni ya vyoo na maji, na anayedhani ni kuimba kando ya moto atavunjika moyo siku ya pili. Kambi ya watoto 200 ikichimbiwa choo juu ya mteremko wa kisima, wiki haiishi bila wagonjwa wa tumbo. Mwenyeji huamua mambo haya kabla mgeni wa kwanza hajashuka garini: choo chini ya mteremko, mbali na maji; ndoo ya kunawia mikono yenye sabuni mlangoni; jivu la kumwaga shimoni; na maji ya kunywa yaliyochemshwa au kutiwa dawa.

Taka nazo zina sheria. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja, yaani chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko na mirija, haziruhusiwi ndani ya mbuga, misitu wala fuo zilizohifadhiwa. Basi la wanafunzi likifika na katoni za maji ya chupa, ni mwenyeji anayesimama langoni kuwaambia hayaingii. Hapo ndipo upole unapopimwa, maana mwalimu aliyesafiri tangu alfajiri hataki kusikia habari ya sheria.

Na kuna kima. Hujifunza haraka hema lipi lina mkate.

Watoto wa watu

Hili lina uzito kuliko yote. Mwenyeji wa kambi hukaa na watoto usiku, mbali na wazazi wao. Uskauti duniani una kanuni za kuwalinda, na kiongozi anayezifuata hatoi nafasi kwa mtu mzima mmoja kubaki faraghani na mtoto mmoja. Wanawake hulala upande wao wakiwa na viongozi wanawake. Mwenye kutaka kujitolea achukue cheti cha maadili mema kutoka kwa idara ya upelelezi, ambacho huombwa kupitia eCitizen, hata kama hakuulizwa. Kambi isiyouliza chochote kuhusu anayekwenda kulala jirani na watoto, mimi singempeleka wangu.

Swala, futari na chakula

Mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaangukia Februari, ikitegemea kuandama kwa mwezi, kwa hiyo sherehe za Nyeri zinamkuta Mwislamu amefunga. Si sababu ya kutokwenda, ila mambo yapangwe mapema: nani atapika daku, futari itapatikana saa ngapi, nyama imechinjwa na nani, na kama kuna sufuria ya peke yake. Msikiti upo mjini Nyeri, na Waislamu wapo. Aliyefunga asipewe zamu ya kuchota maji saa nane mchana wakati zamu ya langoni ipo. Viongozi wengi wa bara hukubali bila neno wakiambiwa wiki mbili kabla. Ugomvi huzuka mtu akisema siku ile ile, chungu kikiwa motoni.

Bure ni bure ya nani?

Vijana wetu wamechoka na neno kujitolea, na wana haki. Wengi wamefanya kazi za miezi sita katika ofisi na hoteli kwa ahadi ya ajira isiyokuja. Kambi nayo inaweza kuwa mtego wa namna hiyo. Kipimo ni chepesi. Kama eneo lilikuwa na mlinzi na mfagizi wa kulipwa, wakaachishwa ili nafasi zao zishikwe na kijana wa bure kutoka Kilifi, hapo hujitolei, unamnyang'anya mtu wa Ruring'u unga wake. Kama wageni hulipa ada ya kupiga hema na wewe hata chakula hupewi, uliza ada inakwenda wapi.

Barua ya makubaliano iandikwe kabla ya safari. Itaje tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za kazi kwa siku, siku ya mapumziko, nani analipa nauli ya kwenda na kurudi, nani analipa hospitali ukiumia, na mkubwa wa kumlalamikia ni nani. Ukurasa mmoja unatosha. Nauli ya kurudi ndiyo husahaulika, na kijana aliyekwama Nyeri bila nauli hawezi kukataa kazi yoyote atakayoongezewa.

Safari na mizigo

Kutoka Mombasa, treni ya SGR hukushusha Syokimau. Ukiingia Nairobi kuna matatu za Nyeri mchana kutwa, mwendo wa takriban kilomita 150. Treni ya usiku ni bora kwa anayetaka kufika kambini kabla ya giza, kwa kuwa kupiga hema kwa tochi mahali usipopajua ni taabu.

Anayetaka kuonja kazi kabla ya kwenda mbali aanze karibu: Shimba Hills na Arabuko-Sokoke zina maeneo ya kambi, na viongozi wa skauti wa kaunti hupeleka makundi yao huko. Siku mbili tatu zitamwonyesha kama ana subira ya kuamshwa saa tisa usiku na mtoto aliyekosa kiatu.

Kwa Nyeri, beba sweta mbili, soksi za sufu, kofia ya kufunika masikio, koti la mvua, gambuti, tochi na betri za akiba, na blanketi zito hata ukiwa na mfuko wa kulalia. Kikoi chukua, kitakufaa kwa kuoga. Kulalia, hakitoshi.