Usafi wa maji ya bwawa la kuogelea

Maji ya bwawa la umma hutiwa klorini, lakini usafi wake huanza na waogeleaji wenyewe. Harufu kali inayodhaniwa kuwa ya dawa nyingi hutokana na kloramini, yaani klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo. Bwawa linalowasha macho huenda limepungukiwa dawa. Wapo wasemao dawa iongezwe tu. Kweli, klorini ya kutosha, pH ikiwa kati ya 7.2 na 7.8, huua bakteria wengi ndani ya dakika chache. Hata hivyo, kijidudu cha Cryptosporidium, kiletwacho na kinyesi cha mwenye kuhara, huweza kuishi humo zaidi ya siku 7. Ndiyo maana kuoga kabla ya kuingia hakutoshi (nako hupuuzwa mno): aliyeugua kijidudu hicho hushauriwa asiogelee hadi wiki 2 baada ya kuacha kuhara.